Figo baada ya moyo kusimama: Mwananyamala, Temeke na Amana ziko tayari?

TANGU Novemba 2017, pale madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini wakishirikiana na wenzao wa Hospitali ya BLK ya New Delhi, India, wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi wamekuwa wakiulizwa swali moja kabla ya mengine yote: katika ndugu zako, nani yuko tayari kukupa figo?

Swali hilo ndilo lililoijenga huduma ya upandikizaji nchini, na ndilo linaloiwekea mpaka. Muhimbili, na baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iliyoanza kazi hiyo Machi 2018 kwa msaada wa taasisi ya Tokushukai ya Japani, zimejenga huduma zao kwa kutegemea wachangiaji walio hai, hasa ndugu wa damu ambao undugu wao huthibitishwa kwa vipimo vya vinasaba katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Utaratibu huo una sababu nzuri. Unafunga mlango wa biashara, kwani mtu hawezi kuja na kijana aliyemwokota mtaani na kudai kuwa ni mdogo wake.

Lakini ndugu nao wana miili yao. Kaka mkubwa ana shinikizo la damu, dada ana kisukari, mdogo wao ana kundi la damu lisilolingana, na yule wa mwisho ambaye vipimo vyote vimemkubali mkewe amesema hapana. Maradhi yanayoua figo, yaani shinikizo la damu na kisukari, mara nyingi hutembea ndani ya ukoo mmoja, hivyo mahali mgonjwa anapoelekezwa kutafuta msaada ndipo palipo na uhaba. Anayekosa mchangiaji hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, mwaka hadi mwaka. Huduma hiyo imesogea kutoka Muhimbili na hospitali chache za binafsi hadi katika hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mashine haiponyi. Inamweka mgonjwa hai hadi kesho kutwa, atakaporudi tena.

Nchi nyingi zilizowahi kufika katika njia panda hii zimefungua mlango wa pili, nao ni viungo vya watu waliokwisha kufariki dunia. Mlango huo una vizingiti viwili tofauti, na kuvichanganya ni chanzo cha hofu nyingi.

Kizingiti cha kwanza ni kifo cha ubongo. Mgonjwa, mara nyingi majeruhi wa kichwa, yuko kwenye mashine ya kupumulia, moyo unadunda, ngozi ina joto, lakini ubongo wote umekufa na hautarudi. Hapo madaktari humtangaza kuwa amefariki huku moyo ukiendelea kupiga. Tafsiri hiyo ya kifo ilipata sura yake mwaka 1968, baada ya kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kuandika vigezo vyake, miezi michache tu baada ya Christiaan Barnard kupandikiza moyo wa kwanza wa binadamu katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Desemba 3, 1967. Moyo ule ulitoka kwa mwanamke kijana aliyegongwa na gari. Kwa maneno mengine, historia ya jambo hili ilianzia Afrika, tena barabarani.

Kizingiti cha pili ni kile cha zamani zaidi, na sasa ndicho kinachorudi kwa kasi duniani: kuchangia viungo baada ya moyo kusimama na mzunguko wa damu kukoma. Hapa hakuna tafsiri mpya ya kifo. Ni kifo kile kile kinachojulikana na kila mkazi wa Mwananyamala, Tandale au Mbagala: pumzi imekatika, mapigo hayapo, daktari amesikiliza na kutazama saa. Madaktari husubiri tena dakika chache, Uingereza ni tano, kuhakikisha kwamba moyo haurudi wenyewe, ndipo kazi nyingine ianze.

Kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, tofauti hiyo ni kubwa. Kifo cha ubongo kinahitaji mashine, vipimo, wataalamu wa mishipa ya fahamu, na zaidi ya yote kinamtaka mama mzazi akubali kuwa mwanawe ambaye kifua chake kinapanda na kushuka ni maiti. Kifo cha moyo kusimama hakimtaki aamini jambo geni. Kinachoombwa kwake ni ruhusa tu.

Sasa ni wapi watu wa Dar es Salaam wanapofia? Wapo wanaofia Muhimbili na katika Taasisi ya Mifupa, ambako majeruhi wengi wa kichwa hupelekwa. Lakini wengi hawafiki huko. Hufia Amana, Temeke na Mwananyamala, hospitali tatu za rufaa za mkoa zinazobeba mzigo wa Ilala, Temeke na Kinondoni pamoja na vitongoji vyote vilivyochipuka pembezoni. Hivyo, siku Tanzania itakapoamua kupokea viungo vya marehemu, uamuzi utatangazwa Dodoma, upasuaji wa kupandikiza utafanyika Upanga, lakini mambo yenyewe yatafaulu au kushindwa usiku wa manane katika korido ya Mwananyamala.

Waliotangulia wameliona hilo. Hispania, inayoongoza duniani kwa uchangiaji, iliunda shirika lake la taifa la upandikizaji mwaka 1989 na kuweka mratibu, kwa kawaida daktari wa ICU, ndani ya kila hospitali inayoweza kupata mchangiaji, si katika zile za kupandikiza tu. Mwaka 2012 mchangiaji mmoja hivi kati ya kumi nchini humo ndiye aliyekuwa amekufa kwa moyo kusimama. Kufikia 2024 walikuwa takriban nusu, na nchi ilikuwa imevuka wachangiaji 50 kwa kila watu milioni moja. Ongezeko hilo halikuja kwa kununulia kila hospitali ndogo mitambo ya mamilioni ya euro. Vikosi vya wataalamu husafiri na mashine zao hadi kwenye hospitali ya mji mdogo, hufanya kazi iliyowaleta, kisha huondoka. Uingereza nayo ina vikosi vya kuvuna viungo vinavyozunguka nchi nzima kwa mtindo huo huo.

Hapa ndipo penye somo kwa Dar es Salaam, ambako mjadala wa afya huishia mara nyingi kwenye orodha ya vifaa vya kununua. Mwananyamala haihitaji kuwa Muhimbili ndogo. Inachohitaji ni kuwa sehemu ya kitu kimoja na Muhimbili, kama chumba na sebule.

Tuchukue hatua kwa hatua. Mgonjwa yuko ICU, madaktari wamekubaliana kuwa matibabu hayawezi tena kumsaidia, familia imekubali aachwe afariki kwa utulivu, na imekubali pia kuchangia. Anaandaliwa karibu na chumba cha upasuaji, kisha mashine inaondolewa. Moyo ukisimama, saa inaanza kukimbia. Figo huvumilia kukosa damu katika mwili wenye joto kwa muda wa saa moja hivi, wakati mwingine zaidi. Ini huvumilia kama nusu saa tu. Kikosi kinapaswa kuwa kimekwisha kuvaa glovu. Figo zikishasafishwa kwa maji maalumu ya baridi na kufungwa kwenye barafu, haraka inapungua: zinaweza kukaa saa nyingi, hata kukaribia saa 24, ingawa kila saa inayopungua ni faida.

Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba foleni ya Barabara ya Kawawa, ambayo kila mtu angeitaja kwanza kama kikwazo, si kikwazo kikubwa hapa. Sanduku la barafu linaweza kusubiri kwenye taa za Magomeni. Lisiloweza kusubiri ni chumba cha upasuaji.

Mwananyamala ni hospitali ya wazazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wodi yake ya uzazi ni miongoni mwa zenye shughuli nyingi jijini, na mama mwenye uchungu uliokwama haulizwi kama chumba kina ratiba. Uchangiaji wa namna hii, kinyume chake, ni kazi ya kungoja. Katika nchi zenye uzoefu, mgonjwa akiondolewa mashine anaweza asifariki ndani ya muda unaofaa. Kikosi hungoja hadi saa tatu au zaidi, kisha hufungasha vifaa na kuondoka mikono mitupu, na mgonjwa hurudishwa kitandani aendelee kutunzwa. Kuweka chumba wazi kwa saa tatu, pengine bila matokeo, huku akina mama wawili wanasubiri kupasuliwa, ni jambo ambalo hakuna mganga mfawidhi mwenye akili timamu angeliidhinisha.

Kwa sababu hiyo wazo la kutumia rasilimali kwa pamoja si la kuvutia maneno tu, bali ndiyo sharti. Hospitali hizo tatu zikipanga kwa zamu ni ipi yenye chumba cha ziada usiku fulani, kikosi kimoja kutoka Muhimbili kikiwa tayari kwenda popote kati ya hizo, na maabara moja ikipima damu ya wachangiaji wote, kinachoonekana hakiwezekani kwa kila moja peke yake kinaanza kuwa na sura.

Tena jiji hili limewahi kufanya hivyo. Aprili 2020, Amana ilipotengwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa UVIKO-19, wagonjwa wake wengine walielekezwa kwingine, na kwa majuma kadhaa hospitali za jiji zililazimika kufanya kazi kama taasisi moja yenye milango mingi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, unafanya kazi kwa kanda: kituo cha Kanda ya Mashariki kinakusanya damu, kinaipima Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha kinaisambaza, na hakuna hospitali inayolazimika kujijengea kituo chake. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kufanyiwa kazi Sengerema, Buchosa na mkoani Shinyanga, unaunganisha kwa simu moja mama mjamzito, kituo cha afya, gari la wagonjwa na hata dereva wa kawaida wa mtaani aliyesajiliwa. Atakayejenga mfumo wa kuchangia viungo jijini hataanza kwenye uwanja mtupu.

Aidha, sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 zilizozungumzwa sana, ilikwenda kwenye majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na vifaa vya uchunguzi katika hospitali nchini. Vitanda vya ICU vipo zaidi ya vilivyokuwapo miaka kumi iliyopita. Nani anavisimamia saa nane usiku ni suala jingine.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo zito kuliko chumba cha upasuaji. Uchangiaji wa namna hii unaanza kwa uamuzi wa kuondoa mashine ya kupumulia. Katika hospitali yenye vitanda vya kutosha, uamuzi huo unahusu mgonjwa mmoja: je, matibabu yanamsaidia au yanamchelewesha tu kufa? Katika hospitali yenye vitanda vichache, nje ya mlango kuna mgonjwa mwingine anayekihitaji kitanda hicho, na familia iliyo ndani inahesabu gharama za kila siku. Anayesema "tumefika mwisho" anaweza kuwa anasema ukweli wa kitabibu, au ukweli wa mfuko, au ukweli wa foleni. Kwa ndugu aliyesimama hapo, zote tatu zinasikika sawa.

Ukiongeza figo juu ya mizani hiyo, lazima mizani iyumbe. Ndiyo maana kanuni inayoshikwa kote duniani ni kwamba anayeamua kuacha matibabu na anayetangaza kifo hawapaswi kuwa na uhusiano wowote na timu ya kupandikiza, na mazungumzo ya kuchangia hayaruhusiwi kuanza kabla uamuzi wa kuacha matibabu haujafanywa. Shirika la Afya Duniani liliweka utengano wa anayetangaza kifo na timu hiyo katika misingi yake iliyopitishwa mwaka 2010. Kwenye karatasi inaeleweka. Katika hospitali ya mkoa ambako daktari aliye zamu ni mmoja kwa wodi kadhaa, kanuni hiyo inahitaji watu ambao hawapo.

Kuna pia wale wanaokufa mapema mno. Kijana wa bodaboda aliyegongwa Mwenge akafikishwa mapokezi akiwa anavuja damu, na akafa kabla hajapata damu wala kufika kwenye picha ya kichwa, hawezi kuhesabiwa kama mchangiaji mtarajiwa. Ni mtu ambaye huduma ya dharura haikumwahi. Idara ya kwanza ya kisasa ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na hospitali za mikoa zimefuata baadaye. Mfumo wowote wa kuchangia utakaokua haraka kuliko huduma ya dharura utakuwa unavuna pale ulipopaswa kuokoa, na wakazi wa Mwananyamala, ambao si wajinga, wataliona hilo mapema kuliko wataalamu.

Kwa hiyo sharti la kwanza lingekuwa hili: hakuna mgonjwa anayezungumziwa kuchangia ila yule aliyepata matibabu kamili, yameandikwa kwenye jalada lake, na yamepitiwa na daktari wa hospitali nyingine kwa njia ya simu au video. Hilo nalo ni matumizi ya pamoja ya rasilimali, na pengine ndilo la thamani kuliko yote, kwa kuwa rasilimali inayogawanywa hapo ni jicho la pili.

Kisha kuna bili. Wizara ya Afya imekuwa ikirudia mara kwa mara katazo la hospitali kuzuia miili ya marehemu kwa sababu ya deni, na kurudiwa kwake ni ushahidi tosha kwamba tatizo halikwisha kwa tamko la kwanza. Sasa fikiria familia ambayo inajua habari hizo inaitwa pembeni na kuambiwa: ndugu yenu amefikia mwisho, mngependa achangie figo? Swali litakalofuata halitakuwa la kidini. Watauliza kama deni litafutwa. Jibu likiwa ndiyo, figo imeuzwa. Jibu likiwa hapana, hospitali imeomba figo kwa mkono mmoja na kudai fedha kwa mwingine. Nchi yenye bima ya kweli kwa kila mtu haikutani na mtego huu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa hata hapa, mahali ambapo pengine waliopitisha hawakupafikiria.

Wapo wanaosema kikwazo kikuu ni imani. Hoja hiyo inatolewa kwa urahisi mno. Kwa Waislamu, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliruhusu kuchangia viungo mwaka 1982, na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ikatoa azimio lake mjini Jeddah mwaka 1988 kuruhusu viungo vya marehemu kwa ridhaa yake au ya warithi wake. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alilihutubia kongamano la kimataifa la upandikizaji mjini Roma Agosti 2000 na kuuita uchangiaji tendo la upendo. Wapo wanazuoni na wachungaji wasioafiki, nao wana haki ya kusikilizwa, lakini mlango wa dini haujafungwa kama inavyodhaniwa. Kinachobaki ni muda. Muislamu akifariki alfajiri, jamaa wanataka wawe makaburini alasiri. Kuvuna figo huchukua saa chache, mwili hushonwa kama wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, na msiba unaosafirisha kwenda Bukoba au Moshi hautachelewa hata basi.

Hofu yenyewe ina mizizi mingine. Pwani hii ina neno mumiani, na tangu enzi za ukoloni watoto wa Dar es Salaam walikuzwa wakiambiwa kuna watu wanaokamata wengine usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Hata magari ya zimamoto yaliogopwa. Mtu anaweza kucheka. Lakini kwa msomaji wa magazeti ya Tanzania, maneno "viungo vya binadamu" yalikuja kumaanisha mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Na Julai 2014, hapa hapa Kinondoni, upande wa Bunju, ilikutwa mifuko ya mabaki ya miili iliyokuwa imetumika kufundishia katika chuo kimoja cha udaktari, ikiwa imetupwa kama taka. Mtu aliyeyaona hayo kwenye ukurasa wa kwanza akisita kusaini fomu, hasiti kwa sababu ya ushirikina. Anasita kwa sababu ana kumbukumbu.

Majirani nao wametoa mafunzo mawili, moja la kufuata na moja la kuogopa. Uganda ilitunga sheria mahususi ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo huo Hospitali ya Mulago ikapandikiza figo yake ya kwanza. Sheria ilitangulia, kisu kikafuata. Kenya iliingiza masharti ya viungo katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, lakini Aprili 2025 serikali yake ililazimika kusimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya figo. Tanzania ilianza upandikizaji mwaka 2017 bila kuwa na sheria mahususi ya aina hiyo, ikitegemea miongozo na kile kichujio cha undugu wa damu. Kwa wachangiaji hai, kichujio hicho kimefaa. Kwa marehemu hakifai kabisa, maana figo ya marehemu haiendi kwa ndugu yake bali kwa mtu asiyemjua, anayefuata kwenye orodha.

Nani anatunza orodha hiyo? Nani anathibitisha kuwa wa kwanza hakurukwa na mtu mwenye jina kubwa? Na ridhaa ni ya nani? Mke wa marehemu anaishi naye Mwananyamala kwa Kopa, baba mdogo yuko Masasi kwenye simu, kaka anafika kutoka Morogoro kesho. Kwa sheria za kigeni mke angetosha. Kwa desturi zetu, mke aliyesaini peke yake anaweza kujikuta akiulizwa msibani ameuza nini. Sheria itakayoandikwa bila kumfikiria mwanamke huyo itakuwa nzuri kwa wanasheria tu.

Pamoja na yote hayo, kuna pa kuanzia ambapo hapahitaji kungoja kila kitu kikamilike, nako ni kwenye jicho. Konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, hivyo haifi moyo unaposimama. Inaweza kuchukuliwa saa kadhaa baada ya kifo, hata kufikia saa 24 mwili ukiwa umehifadhiwa kwenye baridi, na mtaalamu aliyefundishwa anaifanya kazi hiyo bila chumba cha upasuaji. Huhifadhiwa kwa siku kadhaa, na kwa kawaida haihitaji kulinganishwa kundi la damu. Hakuna mashine inayoondolewa, hakuna kitanda kinachogombewa, hakuna daktari wa ICU anayeshukiwa. Mtu mmoja akifa, wawili wanaweza kuona. Ethiopia, nchi isiyo tajiri kuliko sisi, ilianzisha benki yake ya macho mwaka 2003.

Benki moja ya macho kwa mkoa mzima, damu za wachangiaji zikipimwa kwenye maabara ile ile ya Damu Salama, na waombaji ridhaa waliofundishwa wakiwa Amana, Temeke na Mwananyamala, ingekuwa jaribio la mambo yote magumu yaliyotajwa isipokuwa lile gumu zaidi la kuondoa mashine. Ingeonyesha kama fomu zinafika, kama orodha inaheshimiwa, kama ndugu wanajibiwa kwa adabu. Baada ya miaka michache jiji lingejua kama linaweza kubeba figo.

Figo zenyewe zikifika, hesabu haziishii mezani. Figo iliyotoka kwa mtu ambaye moyo wake umesimama mara nyingi huchelewa kuamka, na mgonjwa huendelea kusafishwa damu kwa siku au majuma kadhaa kabla haijaanza kazi. Ikishaamka, hudumu takriban sawa na za wachangiaji waliokufa ubongo. Dawa za kuzuia mwili usiikatae humezwa maisha yote. Hivyo atakayepandikizwa Muhimbili atarudi kuhudhuria kliniki karibu na kwake, na hapo hospitali ya mkoa inaingia tena, safari hii kwa upande wa mpokeaji.

Katika yote haya, kiungo kinachokosekana ni mtu, na cheo chake hakina mvuto: mratibu. Ndiye anayepigiwa simu na wodi, anayekaa na familia, anayejua kama maabara iko wazi na kikosi kiko wapi, na ambaye hana maslahi kwa mgonjwa anayesubiri. Muhimbili ni taasisi yenye bodi na mapato yake. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya kutoka TAMISEMI mwishoni mwa 2017, huku vituo vya afya na zahanati zinazozilisha wagonjwa zikibaki chini ya manispaa. Mratibu atakayekesha Mwananyamala, akaripoti Muhimbili na kusafiri kwa gari la manispaa, itabidi kwanza ijulikane analipwa kutoka fungu la nani.